Anayeitambua Tofauti Ndiye Mwenye Bei

Saa ya wapiga mbizi ya Rolex Submariner namba 1680 ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na jina lake liliandikwa usoni kwa wino mwekundu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 jina hilohilo likawa linaandikwa kwa rangi nyeupe. Chini ya jina pana mstari unaotaja kina ambacho saa inaweza kuhimili: nyuso za mwanzo zinatanguliza mita 200 kisha futi 660, za baadaye zinatanguliza futi. Mashine ya ndani ni ileile, kasha ni lilelile, na maji yanazuiwa vilevile. Hata hivyo mnadani saa yenye neno jekundu huiacha mbali yenye neno jeupe, na wakusanyaji wa hizo nyekundu hubishana tena kama mkunjo wa tarakimu 6 umefungwa au umeachwa wazi. Msomaji wa Kasongo au Kabambare akiisikia habari hiyo anaweza kucheka na kusema matajiri wamekosa kazi. Kicheko hicho si cha bure, ila kinasahau jambo moja. Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kumeishi ndani ya suala hili kwa karne moja na nusu: kwanza upande wa mnunuzi anayechagua, na leo upande wa muuzaji anayepangiwa. Ukiziweka pande hizo mbili pamoja, unaona kwamba tofauti ndogo ya umbo, rangi au malighafi haina bei yoyote kwa asili yake. Inaipata pale alipo mtu anayeweza kuitambua na kuikataa bidhaa isiyo nayo. Swali la maana basi linahusu nani amepewa uwezo huo, na nani amenyang'anywa.

Tuanze na saa zenyewe, maana ndizo zinazoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwaka 1953 Blancpain ya Uswisi ilitoa Fifty Fathoms kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, na mwaka uleule Rolex ikatengeneza Submariner ya kwanza. Wakati huo umbo la saa lilitokana na kazi yake. Pete ya juu ilizungushwa ili mpiga mbizi apime dakika alizokaa chini. Akrabu zilipakwa rangi ya kung'aa gizani ili zisomeke mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Kwenye Submariner kifungo cha pembeni kilikazwa kwa parafujo ili maji yasipenye. Baadaye mambo hayo yaliwekewa kiwango cha kimataifa, ISO 6425, kinachotaka saa ihimili walau mita 100, ipimwe kwa shinikizo linalozidi kwa robo lile linaloandikwa usoni, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na ivumilie chumvi, mshtuko na sumaku. Saa ya bei nafuu kutoka Japani inaweza kuutimiza mtihani huo sawasawa na saa ya Uswisi inayouzwa mara hamsini zaidi. Kisha miaka ya 1980 zikaja kompyuta ndogo za kuvaa mkononi zinazomhesabia mpiga mbizi kina na muda, naye hakuhitaji tena saa ya akrabu. Kazi ilipohama, ushindani ulihamia kwenye vitu vilivyobaki, yaani malighafi na umaliziaji.

Humo ndimo tofauti zilimochanua. Pete za zamani zilifunikwa kwa alumini iliyotiwa rangi, ambayo hukwaruzika na kupauka juani. Rolex ilianza kuweka seramiki kwenye Submariner ya dhahabu mwaka 2008 na ya chuma mwaka 2010, na tarakimu zilizochongwa humo hujazwa utando mwembamba mno wa dhahabu au platini. Seramiki haipauki wala haikwaruziki kirahisi. Ungedhani basi alumini ingeshuka bei, lakini pete ya alumini iliyopauka vizuri, kutoka nyeusi hadi kijivu cha moshi, inatafutwa kuliko ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Chuma nacho kina matabaka yake. Viwanda vingi hutumia chuma cha pua aina ya 316L, ilhali Rolex tangu katikati ya miaka ya 1980 ilianza kutumia 904L, chenye kromi, nikeli na molibdeni zaidi. Jicho la kawaida haliwezi kuvitenganisha vyuma hivyo viwili. Bronzi pia si moja. Panerai ilipotoa saa ya bronzi mwaka 2011 ilichanganya shaba na bati. Tudor mwaka 2016 ilichanganya shaba na alumini, na hivyo saa hizo mbili hubadilika rangi kwa namna tofauti zikivaliwa kwenye jasho na maji ya bahari. Hata masikio ya kasha yanayoshika mkanda yanasomwa. Kona iliyokatwa mshazari kiwandani, ikisuguliwa mara mbili tatu na fundi mwenye haraka, hupoteza ukali wake, na mjuzi huiona saa hiyo kuwa imeliwa.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni ule wa Oman. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala kuanzia Julai 1970 hadi kifo chake Januari 2020, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, nyingine zikiwa Submariner na Sea-Dweller, zikiwa na alama ya khanjar, yaani jambia, usoni au nyuma ya kasha. Alizitoa zawadi kwa maafisa na watumishi, wakiwemo Waingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Alama hiyo ina upana wa milimita chache. Haiongezi uimara wa saa wala haibadilishi mwendo wake, lakini leo inaizidisha bei ya saa mara nyingi. Inafanya hivyo kwa sababu kuna kundi la watu wanaojua ilitoka kwa nani, ilitolewa kwa nani, na wino wa asili unafananaje ukiwekwa chini ya kioo cha kukuzia. Watu hao wasingekuwepo, alama hiyo ingekuwa doa. Ndiyo maana nyumba za mnada huwalipa wataalamu, na ndiyo maana waghushi hujitahidi sana kwenye uso wa saa kuliko kwenye mashine yake. Wanajua hukumu inatolewa wapi.

Sasa turudi Maniema, kwenye mto Lualaba. Nyangwe, kwenye ukingo wa kulia wa mto huo, ilikuwa kituo cha biashara cha Waarabu na Waungwana kutoka pwani tangu takriban mwaka 1860, na katika miaka ya 1870 soko lake lilijulikana hadi Ulaya. Misafara iliyoelekea huko kupitia Tabora na Ujiji ilibeba nguo, waya na shanga, na anayedhani mzigo huo ulikuwa takataka za kuwadanganyia washenzi hajasoma walichoandika waliosafiri na mizigo hiyo. Richard Burton, aliyepita njia hiyo hadi Tanganyika mwaka 1858, alieleza kwamba aina za shanga zilifika takriban 400. Iliyopendwa kuliko zote ni sami-sami, shanga ya Venice iliyokuwa nyekundu ya marijani juu na nyeupe ndani. Zilipimwa kwa khete, na khete kumi zikafanya fundo moja. Stanley alipojitayarisha Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ilimbidi awaulize wafanyabiashara wenyeji kabla hajanunua chochote, akaishia na magunia 22 ya shanga za aina 11. Aliambiwa kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo lakini hazikuwa na thamani yoyote kwingine. Kwamba nyeupe zilikubaliwa Ufipa na sehemu kadhaa za njiani lakini zingedharauliwa penginepo. Na kwamba waya wa masango ulitakiwa uwe wa namba 5 au 6, unene unaokaribia ule wa waya wa telegrafu. Aliyekosea rangi hakupunguziwa bei tu. Alikosa chakula cha wapagazi wake, na msafara ukasimama.

Tuangalie maana ya hali hiyo kwa makini. Shanga isiyotakiwa na sami-sami iliyotakiwa zote zilikuwa vipande vya kioo vilivyotoka tanurini. Kilichozitenganisha ni uamuzi wa mwanamke anayeuza muhogo kijijini, umbali wa miezi kadhaa kutoka baharini. Yeye ndiye aliyekuwa mnada, naye ndiye aliyekuwa mtaalamu mwenye kioo cha kukuzia. Mfanyabiashara wa pwani alikopa kwa Wahindi wa Zanzibar, akanunua kwa makisio, na akabeba hatari yote ya makisio hayo, kwa kuwa mapendeleo yangeweza kubadilika akiwa bado njiani. Mtaalamu wa historia Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha jinsi mapendeleo hayo ya Afrika Mashariki yalivyoviongoza viwanda vya mbali. Nguo ya merikani ilipata jina kwa sababu ilifumwa Marekani, hasa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliofika Zanzibar kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833. Wanunuzi wa bara waliuzoea uzito wake na mfumo wa nyuzi zake. Waingereza walipojaribu kuiiga walikuta nguo yao inashikwa, inavutwa na kurudishwa. Ni pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokausha mzigo wa Salem ndipo wengine walipopata upenyo. Ufumaji wa Massachusetts ulifuata hukumu ya watu ambao wafumaji wasingewaona maishani mwao.

Nyangwe yenyewe inatupa picha ya karibu ya ujuzi huo. Livingstone alikaa hapo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Julai 1871, na siku za soko alikuwa akienda kutazama. Aliandika kuhusu maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliobeba samaki, chumvi, muhogo, kuku, mafuta ya mawese na nguo za ukili. Aliwaona wafinyanzi wakivipiga vyungu vyao kwa mkono pande zote ili vilie, mnunuzi asikie kwa masikio yake kwamba hakuna ufa hata mmoja. Yeye mwenyewe alinunua chupa mbili za udongo zenye umbo zuri, kila moja ya kuchukua takriban lita nne na nusu, kwa uzi mmoja wa shanga. Ishara ya kukipiga chungu ina uzito kuliko inavyoonekana. Muuzaji anajua kuwa mnunuzi ana sikio, na mnunuzi anajua kuwa muuzaji anajua. Ufa usioonekana unawekwa hadharani kabla ya bei kutajwa, na wote wawili wanausoma kwa kipimo kimoja ambacho hakimilikiwi na yeyote. Sehemu kubwa ya haki ya soko imo ndani ya tendo hilo.

Pingamizi la kwanza litasema kwamba haya yote ni mapambo ya kisomi juu ya ulimbukeni. Shanga ni shanga, saa ni saa, na kuzitukuza rangi zake ni kuusifu ubatili wa Mwafrika wa jana na wa tajiri wa leo. Jibu ni kwamba ubatili hauelezi kwa nini tofauti fulani inalipwa na nyingine hailipwi. Rolex imetengeneza nyuso za rangi nyingi zisizotafutwa na mtu, na Venice ilituma shanga nzuri zilizokataliwa bara. Tofauti inalipwa pale inapobeba habari ambayo jamii ya wanunuzi inaihitaji: kitu hiki ni cha asili au cha kuigwa, kimetoka kwa nani, kimeguswa na nani, nikikitoa kesho kitapokelewa au kitakataliwa. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mwanamke wa nje ya Ugogo aliyekataa nyeusi hakuwa akionyesha mapenzi ya macho tu. Alijua jirani yake hatampa mbuzi kwa shanga hizo. Na mkusanyaji wa Hong Kong anayehesabu mikunjo ya tarakimu anafanya hesabu ileile juu ya mnunuzi wake wa baadaye. Anayeidharau hesabu hiyo ajaribu kuuza kitenge leo sokoni Kasongo au Kindu. Mteja atakigeuza upande wa pili aone kama rangi imepenya, atasoma maandishi ya pindoni, atatazama vijimstari vya ufa wa nta, na kabla hujamaliza kumsifia mzigo wako ameshajua kama ni waksi ya Kiholanzi au nakala.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halikwepeki. Soko hilihili la Nyangwe linalosifiwa kwa haki yake liliuza pia watu. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika hapo akitaka mitumbwi ya kushuka Lualaba, akaikosa, kwa kuwa wenye mitumbwi walitaka walipwe watumwa. Mmoja alimweleza waziwazi kwamba kauri zingelala bure nyumbani, lakini mtumwa angeanza kazi siku hiyohiyo. Na miaka mitatu kabla yake, tarehe 15 Julai 1871, wanaume wenye bunduki wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni, wakaanza kubishana na muuzaji juu ya kuku, kisha wakafyatua risasi katikati ya watu. Wengi walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe waliwakadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Basi ujuzi wa kutambua tofauti uliwasaidia nini wanawake wale? Jawabu la kweli ni kwamba haukuwakinga hata kidogo, na hapo ndipo hoja hii inapopata mpaka wake. Uwezo wa mnunuzi au muuzaji una nguzo mbili, kutambua na kukataa. Bunduki haikuligusa jicho la mtu wa Nyangwe. Iliivunja nguzo ya pili. Baada ya hapo mtu aliweza kuijua bei ya kuku wake kuliko yeyote, na bado asiwe na njia ya kusema hapana. Wabelgiji walipouteka mji huo Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata, askari wao walikuta Kasongo nyumba zenye vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na bilauri za fedha, yaani anasa za watu waliojua kuchagua. Utawala uliokuja ukaamua wenyewe kinachovunwa, kwa kiasi gani na kwa bei gani, na nguzo ya pili haikurudi.

Kuanzia hapo mkondo uligeuka. Maniema ikawa mahali pa kutoa malighafi ambazo tofauti zake zinahukumiwa kwingine, na saa za kifahari ni kioo kizuri cha kuuonea mgeuko huo. Rangi ya kung'aa gizani kwenye saa za zamani ilitokana na radiamu. Kuanzia mwaka 1922 radiamu ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, iliyosafishwa Olen nchini Ubelgiji, ndiyo iliyotawala soko la dunia kwa miaka mingi. Bati linalochanganywa na shaba kupata bronzi ndilo bidhaa iliyoijenga Kalima, ambako kampuni ya Symétain ilianza kazi miaka ya 1930. Dhahabu iko Namoya, katika eneo la Kabambare, ambako Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 katikati ya mivutano na wachimbaji wadogo wa Salamabila. Na koltani, inayochimbwa kwa mikono sehemu mbalimbali za jimbo, ndiyo inayotoa tantalumu. Mwaka 1993 Omega ilitoa Seamaster ya wapiga mbizi iliyochanganya titani, tantalumu na dhahabu, na mwaka 2018 ikairudia kwa toleo la saa 2,500. Tantalumu ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu, uzito wake ni takriban mara mbili ya chuma cha pua, na inayeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Mafundi huilalamikia kwa sababu huganda kwenye visu vya mashine na haikubali kung'arishwa kirahisi. Kinacholipiwa na mnunuzi wa saa hiyo ni kivuli cha rangi tu, ambacho picha hushindwa kukishika. Hakuna anayeweza kusema kipande fulani cha saa fulani kilitoka kilima gani, ila Kongo imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa tantalumu duniani, na sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo ina mkono wa mchimbaji wa mashariki mwa Kongo ndani yake.

Uswisi kwa upande wake imeiandika kanuni hii katika sheria. Tangu Januari 2017 saa haiwezi kubeba maneno yanayoitambulisha kuwa imetengenezwa Uswisi mpaka walau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji wake zitokee nchini humo. Mwaka 2023 nchi hiyo iliuza nje saa chini ya milioni 17 tu, idadi ndogo ukilinganisha na China, lakini mauzo ya nje ya sekta nzima ya saa yakafika faranga bilioni 26.7. Hapa linakuja pingamizi la tatu, la watu wa uchumi: kwamba hakuna dhuluma yoyote katika hilo. Madini ghafi ni ghafi. Aliyetumia miaka kujifunza kuchonga kona ya kasha, aliyejenga tanuri la seramiki, aliyeunda jina kwa miaka mia, ndiye aliyeongeza thamani na ndiye anayestahili kulipwa. Pingamizi hilo lina ukweli mkubwa, na asiyeukubali hawezi kueleza kwa nini kilo ya madini haigeuki saa yenyewe. Lakini linachanganya mambo mawili. Kustahili malipo ya kazi ya kumalizia ni jambo moja. Kuwa hakimu pekee wa ubora wa kitu tangu kinapotoka ardhini ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili halitokani na ufundi wa Geneva. Linatokana na pengo lililoko kilimani.

Pengo lenyewe ni hili. Koltani haiuzwi kwa uzito peke yake. Inauzwa kwa asilimia ya tantalumu iliyomo, na mzigo wa asilimia 20 na wa asilimia 35 unaweza kufanana machoni kama mapacha. Urani na thori zikizidi ndani yake, usafirishaji wake unaingia kwenye masharti ya mizigo yenye mionzi na bei inashuka. Kasiterite, yaani madini ya bati, nayo inapandishwa au kushushwa na kiasi cha bati na cha chuma kilichomo. Mchimbaji huosha, hupepeta, hutumia sumaku kuondoa chuma, na huupima mzigo mkononi kwa uzoefu. Kisha mnunuzi wa kati anakuja na makisio yake, naye anaupeleka mzigo kwenye komptwari, yaani nyumba ya ununuzi ya mjini, ambako kuna kifaa cha mionzi ya eksirei kinachotaja asilimia kwa dakika chache. Bei ya kweli inazaliwa mbele ya kifaa hicho, na mchimbaji hayupo. Akiambiwa mzigo wake ulikuwa hafifu, hana chungu cha kukipiga ili kilie. Tofauti ndogo ndani ya punje nyeusi ndiyo umaliziaji wa Maniema, na inahukumiwa mbali na aliyeitoa. Vibandiko vyenye namba vinavyofungwa kwenye magunia kwa ajili ya kufuatilia asili, vilivyoanza kutumika jimboni humo tangu 2012 baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya maeneo yenye vita na baada ya serikali ya Kinshasa kuusimamisha uchimbaji mdogo kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, vinamweleza mnunuzi wa mbali gunia limetoka wapi. Mchimbaji havimwelezi gunia lake lina nini.

Litatajwa pingamizi la mwisho, kwamba kifaa peke yake hakitabadilisha lolote. Barabara kutoka Kabambare huliwa na mvua, watu wenye silaha hawajaondoka msituni, mchimbaji ana deni kwa yuleyule anayemnunulia, na mwenye njaa leo hangoji vipimo vya kesho. Yote ni kweli, na ni ushahidi wa ile nguzo ya pili: bila uwezo wa kukataa, kutambua kunabaki elimu isiyo na mshahara. Hata hivyo nguzo hizo mbili hujengana. Mkopo wa mnunuzi wa kati unabana zaidi kwa sababu mkopaji hajui thamani ya alichonacho, hivyo hawezi kumwendea mwingine na kushindanisha bei. Serikali tayari ina vyombo viwili vinavyohusika, SAEMAPE inayowasaidia wachimbaji wadogo na CEEC inayothibitisha ubora wa madini kabla hayajatoka nchini. Mwaka 2018 koltani iliwekwa katika orodha ya madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Ni hatua inayoonyesha kwamba dola inaijua thamani ya kitu hicho pale kodi yake inapohusika. Mizani na kipimo cha asilimia vikiwekwa kwenye vituo vya kununulia vya Kasongo na Kabambare, mbele ya muuzaji, na matokeo yakaandikwa kwenye karatasi anayoondoka nayo, ujuzi wa dola utakuwa umemfikia pia aliyeyachimba madini hayo. Kuna ushirika wa wachimbaji ambao ungeweza kukisimamia kifaa hicho, na gharama yake si kitu mbele ya kinachopita humo kila mwezi.

Kwa hiyo anayezicheka saa za kifahari na tofauti zake ndogo anacheka mahali pasipo pake. Watu wa Uswisi wamefanikiwa kwa kufanya jambo ambalo mababu wa Maniema walilijua vizuri kabla yao: kukiangalia kitu kwa karibu kuliko anayekileta, na kuwa na uhuru wa kukirudisha. Waliokuja na shanga Nyangwe walilazimika kujifunza macho ya wenyeji ndipo wale. Leo wenyeji wanalazimika kukubali macho ya wageni ndipo wale. Kujenga kiwanda cha saa kando ya Lualaba si dawa ya hali hiyo, wala kuwahubiria matajiri waache anasa. Dawa inaanza na hatua ndogo na ngumu, kwamba hakuna gunia linaloondoka kilimani kabla mwenye gunia hajajua kilichomo, na kwamba akishajua, pawepo mnunuzi zaidi ya mmoja wa kumwambia bei. Bila hayo, kila asilimia ya ubora itakayogunduliwa ndani ya ardhi ya Maniema itaendelea kuwa faida ya aliyeipima.